AJALI HAINA KINGA, LAKINI INA HAKI YAKE
Fidia na Pensheni ya Ulemavu kwa Mfanyakazi wa Posta

(Hotuba iliyosomwa na mzee mmoja wa chama chetu, karani mstaafu wa posta, mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, hapa shuleni Songea. Tumeichapa kama ilivyosomwa. Vichwa vidogo vya habari ni vya Mhariri.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, ndugu walimu, wazee wenzangu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma mkinusa harufu ya pilau kutoka jikoni:

Kamati iliniomba nizungumze juu ya "Maisha ya Kazi". Niliwajibu kwamba kichwa hicho ni kipana kama Ziwa Nyasa, na mimi sina mtumbwi wa kukivuka chote. Kwa hiyo nimechagua pwani moja tu. Nataka tuulizane swali hili: mfanyakazi wa posta akiumia, au akiugua hata asiweze tena kufanya kazi, nani atamlisha yeye na watoto wake?

Nimechagua posta kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya. Lakini nitakayoyasema yanamhusu pia mwalimu, dereva, mganga, karani wa benki na mlinzi wa ghala. Basi yeyote asije akasema, "Mimi si mtu wa posta, hayanihusu." Sheria nitakazozitaja hapa ni za Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria zao na mfuko wao.

KAZI YA POSTA SI KULAMBA STEMPU

Watu wengi hudhani kwamba mtu wa posta hukaa kwenye kaunta, akagonga mhuri, akarudisha chenji, basi. La hasha. Nyuma ya kaunta kuna chumba cha kupangia barua na vifurushi. Huko mtu husimama saa nyingi, hunyanyua mifuko mizito kutoka sakafuni hadi mezani, na kutoka mezani hadi kwenye gari. Kuna dereva anayetoka hapa kwenda Njombe na Makambako, au Mbinga mpaka Mbamba Bay, au Tunduru, na mvua ya masika haimsubiri. Kuna anayepeleka vifurushi kwa pikipiki, Lizaboni leo, Bombambili kesho. Na kuna anayelinda fedha usiku.

Kila mmoja kati ya hao ana namna yake ya kuumia. Dereva hupinduka. Wa pikipiki hugongwa. Mbeba mifuko huumia mgongo, na mgongo hauvunjiki siku moja kwa kishindo. Huliwa kidogo kidogo, kama mchwa walavyo boriti, mpaka asubuhi moja mtu hawezi kuinuka kitandani. Mlinzi hupigwa na wezi. Wahenga walisema ajali haina kinga. Walisema kweli. Lakini hawakusema kwamba ajali haina haki.

TULIKOTOKA

Vijana, hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1884 Serikali ya Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kwa wafanyakazi wa viwandani. Duniani kote sheria hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo ya kwanza ya aina yake. Wajerumani hao hao ndio waliokuja kujenga boma lao hapa Songea mwaka 1897. Barua zao zilichukuliwa na matarishi, Waafrika wenzetu, kwa miguu, porini, penye simba na mito iliyofurika. Sheria ile ya 1884 haikuvuka bahari pamoja na bunduki. Tarishi akiliwa na mamba, kilichotafutwa kwanza ni mfuko wa barua.

Waingereza nao walikuwa na sheria ya fidia kwao tangu mwaka 1897, na mwishoni mwa miaka ya 1940 walileta Tanganyika sheria ya kuwalipa fidia wafanyakazi walioumia kazini. Sheria hiyo tuliirithi, ikakaa vitabuni mwetu miaka mingi sana kupita kiasi. Sasa sikilizeni jambo la kusikitisha. Kiwango cha juu kabisa cha fidia kilichobaki katika sheria hiyo kilikuwa Shilingi 108,000 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na Shilingi 83,000 kwa familia ya aliyekufa. Bei ya unga ilipanda, bei ya dawa ilipanda, nauli ya Dar es Salaam ilipanda. 108,000 ikabaki pale pale, kama saa iliyokwisha ufunguo. Mtu aliyepoteza miguu yake miwili katika miaka ya mwanzo ya 2000 alihesabiwa kwa kipimo hicho.

Na posta yenyewe ilipitia mambo yake. Mpaka mwaka 1977 tulikuwa na Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao makuu yake Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, tukaunda shirika letu la Posta na Simu. Sheria ya mwaka 1993 ikatenga posta na simu, na kuanzia Januari 1994 Shirika la Posta Tanzania likasimama peke yake.

Nawakumbusha habari hizi kwa sababu moja. Wafanyakazi wa mashirika ya Jumuiya, watu wa posta wakiwamo, walidai mafao yao muda mrefu mno. Mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Lakini mpaka mwaka 2005 ndipo makubaliano ya kuwalipa wastaafu wa Tanzania yalipofikishwa Mahakama Kuu, Shilingi bilioni 117 kwa wadai zaidi ya 31,000. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Mtoto aliyezaliwa siku Jumuiya ilipokufa alikuwa tayari na watoto wake mwenyewe. Wazee wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Mimi napenda kila kijana aijue habari hiyo, ili ajue kwamba haki haitembei yenyewe kuja nyumbani kwa mtu. Inahitaji kufuatwa, na anayeifuata anahitaji karatasi.

MILANGO MITATU

Sasa tuje kwenye hali ya leo. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi ana milango mitatu ya kubisha. Watu wengi hupata hasara kwa sababu hubisha mlango usio wao, wakaambiwa "hapa sipo", wakarudi nyumbani wakidhani milango yote imefungwa.

Mlango wa kwanza ni wa mwajiri mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari. Mlango huu haujali ugonjwa umetoka wapi. Malaria, kuvunjika mguu ukicheza mpira, yote sawa. Lakini mlango huu ni wa muda mfupi. Siku 126 huisha upesi kuliko mtu anavyodhani.

Mlango wa pili ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mfuko huu ulianzishwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ile iliyokuja kufuta ile ya 108,000, na ulianza kazi Julai 2015. Huu ni mlango wa aliyeumia kazini au aliyepata ugonjwa unaotokana na kazi. Waajiri wote, wa Serikali, wa mashirika ya umma na wa watu binafsi, wanapaswa kujiandikisha na kuchangia. Na hapa naomba msikilize vizuri: mchango huo ni wa mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukiona katika hati yako ya mshahara umekatwa "fidia", uliza.

Mlango wa tatu ni mfuko wako wa pensheni. Mwaka 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa utumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na wanachama wake wa zamani. Huu ni mlango wa aliyepata ulemavu au maradhi ya kumtoa kazini hata kama hayakutokana na kazi. Hapa wewe mwenyewe umechangia kila mwezi. Kwa hiyo anayesema kwamba pensheni ya ulemavu ni sadaka hajui anachosema. Ni jasho lako lililowekwa akiba.

Ndugu zangu, siyo sisi tu wenye milango ya namna hii. Huko Marekani mfanyakazi wa posta ana sheria ya fidia ya watumishi wa Serikali tangu mwaka 1916. Akiumia kazini na kushindwa kufanya kazi, hulipwa theluthi mbili ya mshahara, au robo tatu ikiwa ana wategemezi. Na akishindwa kazi kwa maradhi yasiyo ya kazini, ana mlango mwingine wa kustaafu kwa ulemavu, kwa sharti la kuwa ametumikia angalau miezi 18. Nao pia hugombana kila siku juu ya lipi ni jeraha la kazi na lipi si la kazi. Basi tusione aibu kugombana. Tuone aibu kutokujua.

FULANI WATATU

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mifano mitatu. Watu hawa ni wa kubuni, msianze kutazamana.

Fulani wa Kwanza ni mpeleka vifurushi, mwajiriwa kamili, mshahara wake Shilingi 600,000 kwa mwezi. Akiwa kazini anagongwa na lori, mguu unavunjika. Mlango wake ni wa pili. Mfuko wa Fidia hulipa matibabu yake. Muda wote ambao hawezi kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya mshahara, yaani 420,000 kwa mwezi, na malipo hayo yaweza kuendelea mpaka miezi 24. Akipona kabisa, anarudi kazini, habari imekwisha.

Lakini tuseme hakupona kabisa. Madaktari hupima ulemavu wake kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini yake, hulipwa fedha za mkupuo mmoja. Ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni ya kila mwezi. Aliyepata ulemavu wa asilimia 100 hupata asilimia 70 ya mshahara wake, yaani kwa Fulani huyu 420,000 kila mwezi. Aliyepimwa asilimia 50 hupata nusu ya hiyo, 210,000. Akihitaji mtu wa kumhudumia daima, wa kumwogesha na kumlisha, iko posho kwa ajili hiyo. Yako malipo ya kumrudisha katika hali ya kujitegemea, na akifariki kwa ajali hiyo kuna gharama za mazishi na pensheni kwa mjane au mgane na watoto.

Linganisheni hayo na 108,000 ya zamani, mtaona kwamba nchi imesonga mbele. Nasema hivyo bila kupaka mafuta. Lakini pana jambo gumu ndani yake. Kipimo cha asilimia huutazama mwili. Hakitazami sana mtu huyo alikuwa akifanya nini na mwili huo. Karani wa kupanga barua akipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia ameondokewa na chombo chake cha kazi. Katika kipimo yeye huonekana ameumia kidogo. Kwa hiyo daktari anapoandika, mfanyakazi aeleze kwa ukamilifu kazi yake ni ipi: ananyanyua nini, anasimama saa ngapi, anaandika kwa mkono upi. Asijibu "mimi mtu wa posta" akanyamaza.

Fulani wa Pili ni karani wa kaunta, mama wa watoto wanne. Figo zake zimeharibika. Hakuna aliyemgonga, hakuna mfuko uliomwangukia. Mlango wa pili si wake, na akienda kubisha huko atapoteza miezi. Ataanza na mlango wa kwanza, siku zake 126. Zikikaribia kuisha na madaktari wakaona hatarudi kazini, mlango wake ni wa tatu. Kwa upande wa NSSF, masharti ya pensheni ya ulemavu ni kwamba awe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wake wa kujipatia kipato, na awe amechangia miezi 180. Au kama hajafikisha hiyo, awe na michango isiyopungua 36, na kati ya hiyo 12 iwe ya karibuni kabla ya kupatwa na ulemavu.

Hapo mnaona mambo mawili. La kwanza, aliyepoteza nusu ya uwezo wake hajafika theluthi mbili. Yumo katikati: si mzima wa kutosha kufanya kazi yake, si mgonjwa wa kutosha kulipwa pensheni. Mtu huyo humalizikia kwenye kiti cha nje nyumbani kwake. La pili, michango isiyopelekwa haihesabiki. Mwajiri akikata mshahara wako na asipeleke fedha kwenye mfuko, wewe unajiona umechangia miaka mitano, daftari la mfuko linasema miezi tisa. Siku unayougua ndiyo siku unayogundua. Ndiyo maana nasema kila mtu aombe taarifa ya michango yake angalau mara moja kwa mwaka, wakati bado ana nguvu za kugombana.

Fulani wa Tatu ni kijana. Amemaliza Kidato cha Nne shule kama hii. Ana pikipiki ya mkopo. Anachukua vifurushi vya watu wa maduka, vya mabasi, vya kampuni za usafirishaji, analipwa kwa kila safari. Anafanya kazi ile ile ya Fulani wa Kwanza, kwenye barabara ile ile, mvua ile ile. Anagongwa na lori lile lile. Mlango wake ni upi?

Wazee, hapo ndipo ninapokosa usingizi. Hana mwajiri, basi hana siku 126. Hana mwajiri wa kumchangia, basi Mfuko wa Fidia haumjui. Na kama hakujiandikisha mwenyewe, hana mfuko wa pensheni. Bima ya lori la yule aliyemgonga yaweza kumsaidia, kama ipo na kama mgongaji hakukimbia. Vinginevyo mlango wake ni mama yake mzazi, na kofia ya kuchangishia inayozungushwa stendi.

Enzi zangu kazi ya kupeleka barua ilikuwa na mkataba, sare na namba ya ajira. Sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo imehama kwa vijana hawa, lakini haki hazikuhama pamoja nayo. Kazi imepanda pikipiki, haki zimebaki kituoni. Wale wenzetu mliomo humu wenye makampuni na maduka makubwa, nawaambia bila kuficha: kijana anayekufanyia wewe kazi kila siku, kwa saa unazopanga wewe, na kwa bei unayopanga wewe, huyo si mpita njia. Mwandikie mkataba. Mchangie. Gharama yake ni ndogo: kiwango cha Mfuko wa Fidia kwa sekta binafsi kilikuwa asilimia 1 ya mishahara, kikashushwa hadi 0.6 mwaka 2021, na hadi 0.5 mwaka 2022. Katika kila Shilingi 100,000 za mshahara, ni Shilingi 500. Hiyo si bei ya chupa moja ya soda.

Na wewe kijana usiye na mwajiri, NSSF hupokea wachangiaji wa hiari kutoka sekta isiyo rasmi. Nenda ukaulize kiwango cha sasa na mafao yake kwa maneno na kwa maandishi, kisha uamue. Usingoje kuuliza ukiwa umelala wodini.

MALI BILA DAFTARI

Nakaribia mwisho, Ndugu Mwenyekiti, naiona saa yako. Niseme sasa yale ya kutenda.

Siku ya ajali ndiyo siku ya maandishi. Mfanyakazi aliyeumia amwambie mkuu wake mara moja, na ahakikishe limeandikwa. Asiseme, "Ni kidogo, kitapoa." Mgongo husema hivyo hivyo kila mara. Mwajiri naye ana wajibu wa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 kwa ajali, na siku 14 kwa ugonjwa wa kazini. Madai yenyewe yaletwe ndani ya miezi 12. Miezi 12 ni mingi kwa mtu mzima. Kwa mtu anayezunguka hospitali, leo hospitali ya mkoa, kesho Peramiho, kesho kutwa rufaa Dar es Salaam, ni michache mno.

Ninajua kwa nini wengi hunyamaza. Wanaogopa kuonekana dhaifu. Wanaogopa kwamba mkuu atasema, "Huyu sasa mzigo, atafutwe mwingine." Hofu hiyo siilaumu, lakini nataka muijibu kwa sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 kati yao. Nchi inayotaka waajiriwe haiwezi wakati huo huo kukubali wafukuzwe wale waliopata ulemavu wakiitumikia. Mbeba mifuko aliyeumia mgongo anaweza kukaa kaunta. Dereva aliyepoteza jicho anaweza kupanga barua. Mtu apewe kiti kabla hajapewa barua ya kwaheri.

Kisha karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali. Kila mfanyakazi awe na jalada lake nyumbani, siyo ofisini: barua ya ajira, barua za kupandishwa cheo, hati za mshahara, namba ya uanachama wa mfuko, taarifa za michango, nakala ya taarifa ya ajali, vyeti vyote vya daktari vyenye tarehe na mhuri. Na mke au mume ajue jalada lilipo. Nimewaona wajane wakifungua masanduku matatu wakitafuta karatasi moja.

Uamuzi usiporidhisha, usikunje barua ukaiweka mfukoni. Sheria inatoa nafasi ya kuupinga. Nenda kwa chama chako cha wafanyakazi, omba sababu kwa maandishi, na pinga kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Chama chetu hiki kina watu wa kila namna. Tuna mahakimu wastaafu, tuna waganga, tuna maofisa utumishi, tuna makarani kama mimi ambao mkono wetu bado unaandika hati inayosomeka. Kila mwaka tunakutana, tunakula, tunaimba wimbo wa shule, tunataja majina ya waliotangulia, tunarudi makwao. Kati ya hayo majina tunayoyataja, wamo waliokufa maskini wakiwa na haki zao mezani kwa mtu.

Ninaomba mkutano huu uunde kamati ndogo ya watu watano. Kazi yake iwe moja tu: mwanachama yeyote, au mjane wake, akiwa na madai ya fidia au pensheni ya ulemavu, kamati imsaidie kujua mlango wake ni upi, imwandikie barua, imsindikize ofisini. Hatuhitaji fedha nyingi. Tunahitaji karatasi, nauli na subira. Mimi niko tayari kuwa mmoja wa hao watano, nikae kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mahali mtakaponipangia.

Na ombi la pili ni kwako, Ndugu Mkuu wa Shule. Vijana hawa hufundishwa kuandika barua ya kuomba kazi, na ni vema. Wafundishwe pia kuandika barua ya kutaarifu ajali kazini. Barua hiyo haizidi mistari kumi: nani, wapi, lini, saa ngapi, kazi gani, kilitokea nini, nani aliona. Iwekwe katika somo la Kiswahili, itahiniwe. Mtoto atakayepata sifuri katika ushairi ataishi. Atakayeshindwa kuandika barua ile huenda akapoteza mlo wa watoto wake kwa miaka thelathini.

Vijana, sikuja kuwatisha. Kazi ni nzuri. Kupeleka barua kwa mtu aliyeingojea ni furaha ambayo siwezi kuieleza, na nikizaliwa tena nitaomba kaunta ile ile. Ninachowaambia ni kwamba mtu huingia kazini na mwili mmoja tu, na mwili huo hauna akiba ghalani. Utumieni kwa bidii, ulindeni kwa akili, na ukiumizwa, udaini ulicho nacho kwa heshima bila kuomba radhi.

Ndugu Mwenyekiti, nakurudishia mkutano wako, na naomba hoja ya kamati ipigiwe kura kabla ya pilau.